Fokasi ya kamera ya filamu ikikosea: upime kwa mkanda, kwa kioo cha ukungu au kwa kamera ya pili?

Picha zikitoka bila fokasi, wengi hukimbilia kununua mkanda mwingine wa filamu wapige tena, wahakikishe. Mkanda siku hizi ni wa kuagiza, kuusafisha ni gharama nyingine, na mwisho wa yote unapewa jibu ulilokuwa nalo tangu mwanzo: kamera inakosea. Inakosea wapi, huambiwi. Ni lenzi? Ni kile kioo cha ndani kinachoruka unapobonyeza? Ni skrini unayoitazama unapochungulia, ni bamba la nyuma linaloikandamiza filamu, au ni skana ya pale ulikopeleka mkanda?

Zipo njia nne unazoweza kuzifanya nyumbani, na kila moja inajibu swali lake. Nitazilinganisha nikitumia zaidi SLR (kamera unazochungulia kupitia lenzi ile ile inayopiga picha) za filamu ya 35 mm, za kuzungusha fokasi kwa mkono, za aina ya Pentax K1000, Nikon FM, Canon AE-1 na Zenit, kwa kuwa ndizo nyingi mikononi mwa wanaoanza. Renjifainda (zile ambazo dirisha la kuchungulia liko kando ya lenzi) na kamera za lenzi mbili nitazigusa mwishoni. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anza na negativu ulizo nazo (filamu iliyokwisha kusafishwa), kisha kioo cha ukungu (kipande cha kioo kilichofifishwa, kinachowekwa mahali pa filamu), na mkanda wa majaribio uwe wa mwisho.

Kosa lenyewe ni dogo kiasi gani

Kwenye SLR, mwanga ukishapita kwenye lenzi hugonga kioo kilicholala mshazari wa nyuzi 45, ukapanda juu hadi kwenye skrini unayoitazama. Ukibonyeza, kioo kinaruka, na mwanga ule ule unanyoosha njia hadi kwenye filamu. Fokasi itakuwa sahihi kama njia hizi mbili zina urefu mmoja. Viwanda vilikuwa vikali sana hapa. Kutoka uso wa kufungia lenzi hadi kwenye filamu, Nikon ni 46.5 mm, Canon FD ni 42 mm, Pentax K na zile za M42 (za kufunga lenzi kwa uzi) ni 45.46 mm. Namba inayofika mia ya milimita haikuandikwa kwa mapambo.

Chukua lenzi ya 50 mm, lenga kitu kilicho mita 1, halafu fikiria kwamba njia ya skrini imetofautiana na ya filamu kwa 0.1 mm tu. Pale unapolenga, fokasi inahama kwa sentimita 3 na nusu hivi. Umelenga jicho, kilichotoka kikali ni ncha ya pua. Ukifungua lenzi hadi f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), filamu inavumilia kosa la 0.06 mm tu kila upande. Ukiibana hadi f/8, inavumilia 0.24 mm. Ndiyo maana kamera yenye kosa inaweza kupiga picha nzuri za mchana mwaka mzima, ikaja kuumbuka kwenye arusi ya jioni lenzi ikiwa imefunguliwa yote.

Kwa hiyo, njia yoyote utakayochagua, pima lenzi ikiwa wazi kabisa. Ukiibana, kosa linajificha.

Na kabla ya yote, pima jicho lako. Toa lenzi au uizungushe hadi kila kitu kiwe ukungu mtupu, kisha chungulia uone kama zile chembe za skrini na mstari wa duara la katikati vinaonekana vikali. Kama havionekani vikali, tatizo ni la macho na kitazamio (pale unapochungulia), na vipimo vyote vinavyofuata havitakuwa na maana. Vaa miwani yako, au tafuta kilenzi cha kitazamio kinacholingana na macho yako.

Negativu ulizo nazo: bure, na zinasema mengi

Hii ndiyo njia inayorukwa na watu wengi, na inanisikitisha, kwa sababu ushahidi tayari umelipiwa. Chukua negativu yenyewe, si faili la skani. Iweke juu ya skrini nyeupe ya simu, uiinue kidogo kwa kipande cha plastiki angavu ili usione vidoto vya simu, uitazame kwa kioo cha kukuzia. Huna? Toa lenzi yako ya 50 mm, igeuze, weka jicho upande wa mbele wa lenzi, na upande wa nyuma uusogeze karibu na negativu. Inakuza vizuri kabisa.

Tafuta chembe za filamu kwanza. Kama kwenye faili la skani chembe ni laini na zimefutika, lakini kwenye negativu ziko kali, skana ndiyo iliyokosea na kamera yako ni nzima. Kama chembe ni kali hata kwenye skani lakini picha ni laini, basi kosa lilitokea wakati wa kupiga.

Halafu tafuta kitu chochote kikali ndani ya fremu. Nyasi za mbele ya mtu, ukuta wa nyuma yake, kifungo cha shati. Kama kipo, fokasi ilikwenda mahali, ila si pale ulipotaka, na sasa unajua imekwenda mbele au nyuma. Kama hakuna kabisa, angalia kingo za vitu: zikiwa na mstari wa pili unaoelekea upande mmoja, huo ni mkono uliotikisika. Kama kingo ni kali lakini zimezungukwa na mwanga hafifu kama moshi, uelekeze macho kwenye lenzi yenyewe. Kwetu pwani, Mombasa, Tanga, Unguja, unyevu wa hewa unaotesha fangasi ndani ya lenzi ni jambo la kawaida, na lenzi yenye fangasi husingiziwa fokasi mara nyingi mno. Mulika tochi kwa ubavu kupitia lenzi, utaona nyuzi zake.

Na kama upande wa kushoto wa kila fremu ni mkali na wa kulia ni laini, achana na habari za skrini. Hapo ni lenzi iliyoinama baada ya kuanguka, au filamu isiyolala bapa.

Upungufu wa njia hii ni kwamba hukuandika ulilenga nini. Lakini ikikuambia tu kwamba kosa ni la skana au la mkono, umemaliza kazi bila kugusa bisibisi.

Kioo cha ukungu: ninachokipendekeza kuliko vyote

Fungua mgongo wa kamera ikiwa haina mkanda. Katikati kuna dirisha la 24 × 36 mm, na juu na chini yake kuna reli mbili mbili. Za ndani ndizo filamu inazokalia. Za nje, zilizoinuka kidogo zaidi, ndizo bamba la nyuma linazoegemea. Tofauti ya kimo kati ya reli hizi ni takriban 0.2 mm, na filamu ina unene wa takriban 0.14 mm, kwa hiyo inapata upenyo wa kuteleza bila kubanwa.

Sasa wazo lenyewe: ukiweka kioo chenye ukungu pale pale filamu inapokaa, ukafungua shata (pazia la ndani linaloziba mwanga usifike kwenye filamu), utaiona kwa macho picha ambayo filamu ingeiona. Unailinganisha na ulichokiona kwenye kitazamio. Basi.

Ugumu wote uko kwenye kukiweka mahali sahihi. Kioo lazima kikalie reli za ndani, na upande wenye ukungu uelekee lenzi. Kikikalia za nje, umejitengenezea kosa la 0.2 mm hata hujaanza, ambalo kwa lenzi ya 50 mm kwenye mita 1 ni kama sentimita 7. Kikigeuzwa, unapima ukiwa nyuma kwa unene mzima wa kioo. Nimeona watu wakipeleka kamera nzima kwa fundi kwa sababu ya makosa haya mawili.

Kioo kizuri kuliko vyote ni skrini ya SLR iliyokufa. Kwenye meza za mafundi kamera kuna mizoga mingi, na skrini yake hutoka kwa klipu au skrubu mbili. Nyingi zina ukubwa wa kukalia reli za ndani bila kugusa za nje, na ukungu wake ni laini sana. Ukikosa, chukua kile kioo chembamba cha maabara cha kuwekea sampuli chini ya darubini. Kina upana wa 25 mm na urefu wa 75 mm, na mtego uko hapo: ukikilaza kufuata reli, upana wake unafunika dirisha kwa shida na kinateleza, na ukikilaza kukatisha, kinakwenda kukaa juu ya reli za nje. Mwambie fundi vioo akukatie kipande cha kukatisha kisichozidi 34 mm. Ukungu unautengeneza mwenyewe: weka dawa ya kusagia valvu, ile wanayotumia makanika, kwenye kioo kingine, tia tone la maji, usugue kwa mzunguko hadi uso wote uwe mweupe sawasawa.

Wengine hutumia seloteipu isiyong'aa, wakaivuta juu ya reli. Inasaidia ukiwa na haraka, lakini inalegea katikati na gundi yake inabaki kwenye reli. Kwa f/1.4 siiamini.

Kioo kikishakaa, funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, mita 1 au 1 na nusu mbele. Fungua lenzi yote. Lenga maandishi kupitia kitazamio, kwa uangalifu kama vile ndiyo picha yako ya mwisho. Weka shata kwenye B (inabaki wazi muda wote umebonyeza), bonyeza kwa waya wa kubonyezea ukauloki, kisha jifunike kitambaa cheusi na utazame kioo kwa lenzi nyingine ya 50 mm iliyogeuzwa au kioo cha kukuzia chochote kizuri. Herufi zimepinduka juu chini, hilo ni sawa. Kinachotafutwa ni ukali wake. Zungusha pete ya fokasi taratibu hadi herufi ziwe kali kabisa, kisha soma pete: imehama kutoka pale kitazamio kilipoiacha? Imehamia upande gani?

Rudia mara kadhaa, safari moja ukiijia fokasi kutoka mbali, nyingine kutoka karibu. Jicho lina upana wake wa kukubali, na kosa la kweli ni lile linalobaki upande mmoja kila ukirudia.

Ikiwa umelazimika kuizungusha pete kuelekea mbali, kitazamio kimekuwa kikikufanya ulenge karibu mno: njia ya skrini ni fupi kuliko ya filamu, na picha zako zitakuwa kali mbele ya uliyemlenga. Ikiwa umeizungusha kuelekea karibu, ni kinyume chake, na hapo skrini iliyowekwa vibaya baada ya kusafishwa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Wakati mwingine skrini imegeuzwa juu chini. Kipande chembamba cha shaba kilichokuwa chini yake kikipotea, skrini inashuka, na kosa linakuwa lile la kwanza. Linganisha pia juu na chini ya fremu. Kosa likiwa sawa kote, ni skrini. Likizidi juu kuliko chini, kile kioo cha mshazari hakirudi kwenye nyuzi zake.

Halafu pima mbali. Peleka kamera dirishani asubuhi, kabla joto halijaanza kuyumbisha hewa, ulenge mnara wa simu. Kwa lenzi ya 50 mm nusu kilomita inatosha. Kwa 135 mm tafuta kitu cha kilomita 2 au zaidi. Weka pete kwenye alama ya ∞ (mbali kabisa). Kioo kikiwa kikali na kitazamio kina ukungu, lenzi ni nzima, kosa ni la mwili wa kamera. Vyote viwili vikiwa na ukungu na vinakuwa vikali pamoja ukirudisha pete kidogo, lenzi imeunganishwa vibaya, lakini ukilenga kwa macho bado utapata picha nzuri. Vyote viwili vikigoma kufika mbali kabisa, ndipo kuna kazi ya kweli, kwenye lenzi au kwenye uso wa kuifungia. Ukiwa na lenzi ya pili, badilisha: kosa linalofuata lenzi ni la lenzi, linalobaki ni la mwili.

Kwa nini naipenda njia hii? Kwa sababu inatenganisha sehemu, jibu unalipata hapo hapo, na unaweza kurekebisha huku unatazama. Kitu kimoja haikijui: namna filamu yenyewe inavyolala. Kioo hakijikunji, filamu hujikunja.

Mkanda wa majaribio: hakimu wa mwisho, mpelelezi mbaya

Mkanda wa majaribio ni kama kipimajoto: unakuambia una homa, hausemi ni malaria au ni jino. Ndani ya fremu moja kuna lenzi, kioo cha mshazari, skrini, jicho lako, mkono wako, bamba la nyuma na kujikunja kwa filamu, vyote vimejumlishwa. Kwa mtu anayetaka kujua "naweza kuitegemea kamera hii kesho?", jumla hiyo ndiyo anayoihitaji, na hakuna njia nyingine inayompa. Kwa mtu anayetaka kurekebisha, ni hasara.

Ukiamua kuutumia, utumie vizuri. Panga viberiti saba mezani kwa mshazari, kila kimoja kikiwa sentimita 2 nyuma ya mwenzake, umeviandika namba kwa kalamu nene. Kamera kwenye stendi, mita 1, lenzi wazi yote. Lenga cha nne. Piga, vuruga pete kabisa, lenga upya, piga tena. Usipovuruga pete, fremu zote zinarudia bahati moja. Weka karatasi yenye namba ya fremu ndani ya picha, la sivyo baada ya wiki hutajua ipi ni ipi. Fanya hivyo hivyo kwa mita 3 na kwa mbali kabisa.

Fremu chache zinatosha, zilizobaki endelea kuzitumia kwa picha zako za kawaida. Ukiwa unasafisha nyeusi na nyeupe mwenyewe, njia hii inakuwa rahisi zaidi, jibu unalo siku hiyo hiyo. Wakati wa kusoma, rudi kwenye negativu, usisome skani.

Kama kioo cha ukungu kilisema kila kitu kiko sawa na mkanda bado unatoa laini, usirudi kwenye skrini. Angalia bamba la nyuma: springi zake zinasukuma? Limepinda? Kuna kipande cha mkanda wa zamani au mchanga kwenye reli? Hapo mkanda umefanya kazi ambayo kioo kisingeiweza.

Kamera ya pili: kwa wanaotaka usahihi bila kutoka chumbani

Njia hii ni ya mafundi, na ni nzuri kuliko inavyosikika. Kanuni yake ni hii: lenzi iliyo kwenye ∞ hugeuza kitu kilicho kwenye filamu kuwa kama kiko mbali sana. Ukiitazama kwa kamera nyingine ambayo nayo iko kwenye ∞, utakiona kikali.

Chukua kipande cha negativu ya zamani, kwaruza X kwa sindano upande wa dawa (ule usiong'aa sana), ukiweke kwenye reli za ndani upande huo ukielekea lenzi, na ukikandamize kwa kile kipande cha kioo kinachoingia kati ya reli za nje. Mulika kwa nyuma kwa taa yenye karatasi nyeupe mbele yake. Fungua shata kwenye B. Mbele yake, lenzi kwa lenzi, weka kamera ya pili yenye lenzi ndefu. SLR ya dijitali ndiyo bora: ilenge mapema, popote unapoona mbali, kwenye mnara ukitumia picha iliyokuzwa kwenye skrini ya nyuma, zima fokasi ya otomatiki, na usiguse pete tena. Chungulia. Ile X inaonekana imeelea gizani, na ukitumia lenzi ya 200 mm kutazama lenzi ya 50 mm, imekuzwa mara 4. Kingo za mkwaruzo zikiwa kali huku pete ya kamera inayopimwa iko kwenye ∞, lenzi na mwili vimekubaliana. Zikiwa laini, zungusha hadi ziwe kali uone alama imeangukia wapi.

Kwa alama ya ∞, inashinda kioo cha ukungu, kwa sababu hakuna chembe za kioo zinazokusumbua, wala hewa ya jua inayoyumba, wala hitaji la dirisha linalotazama mbali. Mtu anayeishi ghorofa ya chini Kariakoo ataelewa faida hiyo. Lakini inapima umbali mmoja tu, inahitaji kamera mbili, na kosa la kamera ya pili linahamia lote kwenye ya kwanza. Kitazamio nacho hakijaguswa. Kukipima, itabidi ugeuze mpango, X ikae kwenye kamera ya filamu ya pili iliyothibitishwa, nawe uitazame kupitia kitazamio cha ile unayoishuku. Kwa mwenye kamera moja ninamwambia asihangaike nayo.

Ipo pia njia ya kufunga lenzi ya zamani kwenye kamera ya dijitali isiyo na kioo kwa adapta. Hiyo inapima lenzi peke yake. Itakuonyesha lenzi iliyoinama, moshi, fangasi, na zile lenzi ambazo fokasi huhama ukizibana kutoka f/1.5 hadi f/2.8. Alama ya ∞ usiisome kabisa kupitia adapta, kwa kuwa nyingi hutengenezwa nyembamba kidogo makusudi ili lenzi isikose kufika mbali.

Kamera yako ni ya aina gani?

SLR ya kulenga kwa mkono: negativu, kisha kioo cha ukungu. Katika nyingi utaishia hapo.

SLR ya filamu yenye fokasi ya otomatiki: kioo cha ukungu bado, ila pima mara mbili, mara moja kwa kulenga kwa macho na mara moja kwa kuiacha kamera ilenge. Kihisi chake kinapata mwanga kupitia kioo kidogo kilichojificha nyuma ya kile kikubwa, kwa hiyo kitazamio kinaweza kuwa sahihi na otomatiki ikawa inakosea, au kinyume.

Renjifainda: hapa kioo cha ukungu ni cha lazima, kwa sababu unachokiona kwenye kitazamio hakipiti kwenye lenzi hata kidogo. Pima sehemu tatu: mita 1, mita 3, na mbali kabisa. Ikikosea mbali, skrubu ya ∞ ndiyo ya kuguswa kwanza. Ikiwa sahihi mbali na kukosea karibu, ni ule mkono mdogo wa ndani ya kamera unaogusa nyuma ya lenzi, na huo mwachie fundi. Wenye Leica ya kufunga kwa uzi wanaotumia lenzi za Kisovyeti wajue kwamba Leica ilijengwa kwa lenzi ya "50 mm" yenye urefu halisi wa takriban 51.6 mm, na za Kisovyeti zilifuata kipimo cha Contax, kamera nyingine ya Kijerumani, takriban 52.4 mm. Zinakubaliana mbali, zinaachana karibu, na hapo hakuna kilichoharibika. Usimruhusu mtu aharibu renjifainda nzima ili kuiridhisha lenzi moja.

Kamera za lenzi mbili, za aina ya Yashica-Mat na Rolleiflex: ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia, na kioo cha ukungu kinawekwa nyuma ya ile ya chini. Kosa la kawaida ni lenzi moja kulegea kwenye uzi wake baada ya kusafishwa. Lingine ni kioo cha ndani kilichobadilishwa kwa kipande cha kioo cha kawaida cha kujitazamia. Kile cha asili kimepakwa dawa usoni. Cha kawaida kimepakwa mgongoni, kwa hiyo mwanga unapita kwenye unene wa kioo mara mbili, fokasi inahama na taswira inakuwa na kivuli chake. Gusisha ncha ya kalamu kwenye kioo hicho kwa upole sana: ncha na taswira yake zikigusana ni cha usoni, zikiacha pengo ni cha mgongoni.

Ukiamua kwenda kwa fundi, usimwambie tu "haina fokasi". Mwandikie: lenzi gani, umbali gani, f/ ngapi, pete imehama upande gani na kwa kiasi gani, lenzi ya pili ilifanyaje. Mpelekee na kioo chako cha ukungu, mpime pamoja mezani kwake kabla hajafungua skrubu yoyote, na mpime tena kabla hujamlipa.